Kabla ya nusu kaputi na baada yake: mwongozo kamili kwa mgonjwa na jamaa zake, Unguja na Pemba

Watu wengi wa huku kwetu hawaogopi kisu. Wanachoogopa ni nusu kaputi: kulazwa usingizi kisha wasiamke. Hofu hiyo ndiyo inayomfanya mtu afiche mambo. Anaficha uji aliounywa alfajiri asije akaondolewa kwenye orodha ya siku hiyo. Anaficha sigara kwa sababu mkwewe amekaa pembeni. Anaficha dawa ya mizizi kwa kumwonea haya daktari. Dawa za usingizi za siku hizi, zikiwa mikononi mwa anayezijua na kwa mtu asiye na maradhi mazito, ni salama sana. Kinachomtia mtaalamu matatani mara nyingi ni lile jambo ambalo hakuambiwa.

Mwongozo huu ni wa anayefanyiwa upasuaji wa kupangwa, na umefuata mpangilio wa siku: wiki kadhaa kabla, usiku wa kuamkia, siku yenyewe, kisha wodini na nyumbani. Mwenye kidole tumbo cha ghafla hana wiki za kujiandaa. Yeye na jamaa zake waanzie kwenye maswali ya daktari wa usingizi, wayajibu yote, kisha waruke hadi sehemu ya kuamka.

Uliza kwanza: usingizi kamili au ganzi?

Si kila oparesheni inahitaji ulale. Ngiri, busha, tezi dume na kujifungua kwa upasuaji mara nyingi hufanywa kwa ganzi ya mgongoni: unachomwa sindano kiunoni, kuanzia tumboni kwenda chini husikii maumivu, na wewe uko macho. Usingizi kamili hutumika zaidi kwa upasuaji wa shingo kama rovu, tumbo la juu, kifua, kichwa, oparesheni za matundu (za kupitisha kamera kwenye vitundu vidogo), na kwa watoto wadogo ambao hawawezi kutulia. Wakati mwingine ganzi haishiki sawasawa na mgonjwa akalazimika kulazwa katikati ya kazi. Kwa hiyo hata ukiambiwa ni ganzi tu, jiandae kama anayelala, hasa kwenye suala la kutokula.

Kulala kwenyewe ni hivi. Unatiwa dawa kwenye mshipa wa mkono. Propofoli ni nyeupe kama maziwa na inaweza kuwasha mkono kidogo inapoingia. Ketamini haina rangi na wengine huota ndoto za ajabu wanapozinduka. Mtoto anaweza kupewa hewa ya usingizi kwa kinyago. Ukishalala, mara nyingi mpira hupitishwa kooni, na mashine hukusaidia kupumua. Mtaalamu wa usingizi anakaa kichwani pako muda wote, akitazama oksijeni, mapigo ya moyo na presha, akiongeza na kupunguza dawa. Kwa hiyo usingizi wako una mlinzi tangu unapofumba macho hadi unapoyafumbua.

Wiki kadhaa kabla

Ukishapewa tarehe, iwe ni Mnazi Mmoja, Abdulla Mzee pale Mkoani, au hospitali ya binafsi, usikae ukingoja siku. Wiki hizi ndizo zenye faida kubwa kuliko siku ya mwisho.

Anza na damu. Pima wingi wa damu mapema, hasa mwanamke mwenye uvimbe kwenye kizazi anayetokwa na damu nyingi kila mwezi. Ukigundua upungufu wiki nne au sita kabla, vidonge vya madini ya chuma vina muda wa kufanya kazi. Ukigundua jana yake, linabaki kuongezewa damu au kuahirishwa. Kula dagaa, maini, kunde na mboga za majani, na chai usinywe pamoja na chakula wala na vidonge hivyo, kwani inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Subiri saa moja au mbili, chai haitakimbia.

Ukiambiwa oparesheni yako inaweza kuhitaji damu, jamaa wasingoje kupigiwa simu usiku. Damu ya benki inatoka kwa watu, na kundi lako halipatikani kila siku. Ndugu, majirani na wenzako wa kazini wenye afya waende kuchangia mapema.

Presha na sukari zitulizwe kabla. Presha iliyopanda sana asubuhi ya oparesheni ni sababu ya kawaida ya mtu kurudishwa wodini bila ya kufanyiwa kitu, na sukari iliyo juu huchelewesha kidonda kupona na hukaribisha usaha. Kama una miezi hujaenda kliniki, nenda sasa.

Sigara na shisha: kuacha wiki nne kabla kunaleta tofauti kubwa kwenye mapafu na kwenye kidonda. Asiyeweza wiki nne aache hata siku moja, kwa sababu ndani ya saa chache moshi unaoziba nafasi ya oksijeni kwenye damu huanza kupungua. Wanaotafuna ugoro na tambuu nao wasijitoe kwenye hesabu hii. Tembea kila siku, hata kama ni kwenda na kurudi msikitini kwa miguu badala ya bodaboda. Mapafu yaliyozoea kazi huamka vizuri zaidi.

Jino linalotikisika lishughulikiwe. Wakati wa kupitisha mpira kooni jino bovu linaweza kung'oka na kuingia kwenye njia ya hewa.

Anayetoka Wete, Micheweni au Kojani kuja kufanyiwa Unguja apange safari mbili, ya kuja na ya kurudi, na kati yake apange nyumba ya kufikia. Watu hupanga kuja tu. Kurudi nitakuzungumzia mbele, maana kuna bahari.

Kama ni mwanachama wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar au una bima nyengine, uliza wiki hizi hizi ni nini kinalipiwa na karatasi gani zinatakiwa. Uliza pia vitu gani utatakiwa uje navyo mwenyewe.

Daktari wa usingizi: mwambie kila kitu

Mgonjwa humkumbuka daktari wa kupasua na kumsahau wa kulaza. Huyu wa pili ndiye unayepaswa kukaa naye kitako. Atakuomba ufungue kinywa, utoe ulimi, uinue shingo nyuma. Anaangalia jinsi mpira utakavyopita. Atasikiliza moyo na kifua. Kisha atauliza, na hapa usichague la kusema.

Mwambie kama umewahi kulazwa usingizi na ilikuwaje: ulitapika sana, ulichelewa kuamka, walisema njia ya hewa ilikuwa ngumu. Mwambie kama kuna ndugu wa damu aliyefariki au aliyepata homa kali ghafla akiwa kwenye nusu kaputi. Yapo maradhi machache ya kurithi yanayofanya mwili uzipokee vibaya baadhi ya dawa za usingizi, na daktari akijua anachagua nyengine. Katika familia zetu habari kama hiyo hufungwa kwa "siku zake zilifika", na kweli zilifika, lakini mtoto wa marehemu anapopanda kitanda cha upasuaji daktari anahitaji kuijua.

Taja seli mundu, iwe wewe unaumwa au umebeba vinasaba tu. Kwa mwenye seli mundu, baridi, ukosefu wa maji na upungufu wa oksijeni vinaweza kuleta maumivu makali na madhara, na vyote vitatu vinazuilika akijulikana mapema. Taja pumu, kifafa, moyo, figo, ini, vidonda vya tumbo, kiungulia kinachokujia ukilala chali, na kukoroma kunakokatisha pumzi usiku. La mwisho huulizwa mke au mume, maana mwenyewe halijui. Mwanamke aseme lini aliona siku zake mara ya mwisho.

Mzio usitajwe kwa jina la "ile dawa nyekundu". Tafuta jina. Na ueleze kilichotokea: vipele, kuvimba midomo, kukosa pumzi, au kichefuchefu tu. Kichefuchefu si mzio.

Sasa yale ya aibu. Anayetumia unga, bangi, pombe au mirungi aseme, na kama anataka faragha amwombe jamaa atoke nje. Daktari wa usingizi hakuulizi ili akupeleke polisi. Kiasi cha dawa ya kukulaza na ya kutuliza maumivu kinategemea jibu lako. Aliye kwenye methadoni, dawa ya wanaoacha unga, asikatishe dozi bila ya kuelekezwa, na wodi ijue.

Dawa za asili nazo ni dawa. Habbat soda, vidonge vya kitunguu saumu na tangawizi kwa wingi vinaweza kugusa kuganda kwa damu, presha au sukari. Kawaida huombwa viachwe wiki mbili kabla. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno. Mizizi usiyoijua jina, lete kifurushi chenyewe.

Madaktari wa Kichina wamekuwa wakihudumu Zanzibar tangu 1964, na unaweza kuangukia mikononi mwa mmoja wao. Ikiwa mazungumzo hayaeleweki, dai muuguzi akae akufasirie neno kwa neno. Fomu ya ridhaa usiitie saini mpaka umeelewa ni kitu gani kinakatwa, upande gani, hatari zake ni zipi na kuna njia gani nyengine. Mtu mzima mwenye akili timamu anaridhia mwenyewe. Kushauriana na mume, baba au kaka ni jambo jema, lakini mwili ni wa mgonjwa na saini ni yake.

Dawa unazomeza kila siku

Andika orodha, au tia vidonge vyote kwenye mfuko uje navyo. Kisha uliza kimoja kimoja: hiki nimeze asubuhi ile au nisimeze? Kwa ujumla mambo huwa hivi, lakini neno la daktari wako ndilo la mwisho:

- Dawa za presha kama amlodipini na atenololi kwa kawaida humezwa kama siku zote, kwa funda dogo la maji. Dawa kama losatani na enalaprili mara nyingi husimamishwa saa 24 kabla, kwani zinaweza kuporomosha presha ukilala.
- Metifomini mara nyingi haimezwi asubuhi ya oparesheni. Insulini haiachwi kiholela, kiwango hubadilishwa. Mwenye sukari aombe awe wa mwanzo kwenye orodha.
- Dawa za kifafa, pumu na ARV huendelea. Pampu ya pumu uje nayo mfukoni.
- Asipirini, klopidogreli na wafarini, dawa za kuzuia damu kuganda, zina utaratibu wake wa siku kadhaa, na kuziacha mwenyewe kunaweza kuwa hatari kama kuendelea nazo. Uliza wiki moja au zaidi kabla.
- Aliyetumia predinisoloni kwa muda mrefu asiiache ghafla.

Usiku wa kuamkia: tumbo tupu

Ukilala kwa nusu kaputi, koo nalo linalala. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuteremka kwenye mapafu badala ya kutoka nje, na asidi ya tumbo ikiingia mapafuni inaunguza. Ndiyo maana wanakukataza kula, na ndiyo maana kusema uongo hapa ni kosa kubwa kuliko yote.

Hesabu inayotumika sehemu nyingi ni hii: chakula kizito au chenye mafuta, saa 8 kabla; chakula chepesi, maziwa ya ng'ombe au ya kopo, saa 6 kabla; maziwa ya mama kwa mtoto mchanga, saa 4 kabla; maji matupu, saa 2 kabla. Kama oparesheni ni saa mbili asubuhi, basi pilau au biriani limalizike kabla ya saa sita usiku, na kwa usalama liwe mapema zaidi. Mkate mkavu mwisho saa nane usiku. Maji mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Chai ya rangi isiyo na maziwa huhesabiwa na maji. Chai ya maziwa, uji wa aina yoyote, juisi yenye nyama ya tunda, na urojo ni chakula, hata ukijiambia umeunywa.

Hospitali yako ikikupa saa kali zaidi, fuata zake. Lakini uliza kuhusu maji, kwa sababu kukaa na kiu tangu magharibi hadi adhuhuri hakumsaidii mtu, na kwa mtoto, mzee au mwenye seli mundu kunadhuru. Oparesheni ikisogezwa mbele, muulize muuguzi kama unaweza kunywa kidogo.

Mwezi wa Ramadhani una mtego wake. Mtu amekula daku saa kumi alfajiri, anafika thieta (chumba cha upasuaji) saa mbili asubuhi na kusema amefunga. Amefunga kisheria, lakini tumboni ana wali wa saa nne zilizopita. Useme saa uliyokula, usiseme "nimefunga".

Na kombe, yaani maji ya aya zilizoandikwa kisha zikaoshwa. Jamaa huja asubuhi na chupa ya kombe au zamzam, na mgonjwa anaona vibaya kukataa. Vinywewe jioni ya kuamkia. Asubuhi sheikh akusomee tu, au upakwe usoni. Bigijii nayo usitafune.

Ukijisahau ukala, sema. Utaahirishwa, utanuna, utarudi siku nyengine ukiwa hai.

Mwili wenyewe

Oga kwa sabuni usiku na asubuhi, uvae nguo safi. Usinyoe sehemu ya upasuaji kwa wembe nyumbani. Wembe huacha mikwaruzo midogo inayofuga vijidudu. Ikihitajika, watapunguza nywele wao kwa mashine.

Hina na piko ni jambo letu na halimo kwenye vitabu vingi vya wagonjwa. Kile kibanio kinachobanwa kidoleni hupima oksijeni kwa kupitisha mwanga kwenye kucha na ngozi. Rangi nzito, hasa piko jeusi na rangi ya kucha, inaweza kuvuruga kipimo. Kama una harusi wiki ile, acha vidole viwili kila mkono bila kitu. Kama umeshapaka, mwambie mtaalamu; anaweza kubana kwenye ndewe ya sikio.

Vua pete, bangili, kipini, hereni na shanga za kiunoni. Mashine ya umeme inayotumika kuzuia damu inaweza kuunguza ngozi inapogusana na chuma, na pete kwenye mkono unaovimba hukata mzunguko wa damu. Hirizi nayo ivuliwe, akabidhiwe mama au ndugu aliyekaa nje. Kama huwezi kabisa kuachana nayo, zungumza na muuguzi mapema wodini, usiifiche ndani ya gauni la upasuaji. Wanja ufutwe, kwani macho hufungwa kwa plasta. Meno ya bandia yatolewe.

Mafua yenye homa au kifua chenye makohozi, hasa kwa mtoto, yatajwe kabla ya kuondoka nyumbani. Mara nyingi oparesheni ya kupangwa husogezwa wiki kadhaa, na ni sawa.

Cha kuchukua: kanga mbili au kikoi, dera au shati la vifungo lisilobana, ndara, mswaki, shuka, chupa ya maji ya moto, na mtu mmoja wa kukaa nawe anayejua kusoma maandishi ya dawa. Dhahabu ibaki nyumbani.

Thieta

Utaulizwa jina lako na upande unaopasuliwa mara nyingi hadi uchoke. Ni utaratibu uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, wenye vituo vitatu: kabla ya kulazwa, kabla ya kukatwa, na kabla ya kutoka. Jibu kila mara. Chumba kina baridi. Utapewa oksijeni, utaambiwa uvute pumzi, na kumbukumbu yako itaishia hapo.

Kuamka

Unafungua macho kwenye chumba cha uangalizi. Kutetemeka ni kawaida, omba shuka. Koo linauma kwa sababu ya mpira. Linapoa kwa siku moja au mbili. Kichefuchefu pia ni kawaida na kina dawa, usikivumilie kimya. Baadhi ya watu huumwa misuli ya mwili mzima kama waliobeba magunia, na hiyo nayo inatokana na aina moja ya dawa ya kulegeza misuli. Mtoto anaweza kuamka akilia na kurusha mikono bila kumtambua mama yake. Mara nyingi hutulia ndani ya nusu saa.

Mzee ndiye wa kumwangalia zaidi. Siku ya kwanza hadi ya tatu anaweza kuweweseka: anamwita marehemu kaka yake, anavuta dripu, anasema ukutani kuna watu, usiku halali. Wodini minong'ono huanza kwamba amepandisha shetani, na kabla ya alasiri ameshaitwa mtu wa kumfukiza ubani. Ngoja. Kuchanganyikiwa namna hii baada ya upasuaji kunajulikana, na nyuma yake mara nyingi kuna kitu cha kutibika: oksijeni ndogo, sukari iliyoshuka, mkojo uliojaa na haujatoka, maumivu, maambukizi, au dawa fulani. Mwite muuguzi kwanza. Kisha mrudishie mzee miwani yake, mkalishe karibu na dirisha mchana, mtaje jina, mwambie ni siku gani na yuko wapi, na mtu wa kukaa naye awe mmoja anayemjua sana. Dua msome, moshi usifukize; kifua kilichotoka kwenye nusu kaputi hakiupendi.

Wodini: kupumua, kutembea, kusema unaumwa

Vuta pumzi ndefu mara kumi kila saa ukiwa macho, shikilia kidogo, toa. Ukitaka kukohoa, kunja kanga nene uibane juu ya kidonda, kisha kohoa kwa nguvu. Anayeogopa kukohoa hubaki na makohozi, na makohozi huzaa nimonia.

Chezesha nyayo kitandani. Ukiruhusiwa, kaa, simama, tembea hatua chache siku hiyo hiyo au kesho yake. Wazee wetu walifundishwa kwamba aliyepasuliwa alale asiguswe. Siku hizi tunajua kulala sana hugandisha damu miguuni. Mara ya kwanza usinyanyuke peke yako, utaanguka.

Maumivu yatulizwe kwa dawa, yasivumiliwe kwa kutafuta sifa. Anayeumwa hapumui vizuri wala hatembei. Parasetamoli kwa mtu mzima wa zaidi ya kilo 50 ni gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na uangalie usije ukaimeza mara mbili kwa majina tofauti ya dukani. Dikilofenaki na aibuprofeni zinaweza kumdhuru mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au pumu. Tramadoli na mofini huleta usingizi na kufunga choo.

Ukipita saa sita hadi nane bila mkojo, sema. Ukiulizwa kama umetoa upepo, usione haya. Baada ya upasuaji wa tumbo hiyo ni habari njema kwa daktari. Kula anza kwa funda za maji, kisha uji mwepesi au supu isiyo na pilipili, kwa ruhusa ya wodi. Kama utumbo umeshonwa, daktari ndiye anayepanga.

Wageni ni baraka na ni mzigo. Mtaa mzima utakuja kukutazama, kila mmoja na sufuria yake. Jamaa mmoja apewe kazi ya kuwapanga wawili wawili, kuwaambia wanawe mikono, na kuwazuia kukaa kitandani kwa mgonjwa. Afanye kwa upole, lakini afanye.

Swala: unaswali ulivyo, umekaa au umelala, na tayamamu ipo kwa asiyeweza kugusa maji.

Kurudi nyumbani, na bahari

Kwa saa 24 baada ya usingizi akili haijatulia hata kama unajiona mzima. Usiendeshe gari wala vespa, usishike msumeno, usipike peke yako kwenye moto, usitie saini mkataba wa shamba, usibaki peke yako na mtoto mchanga. Mtu mzima alale nawe usiku huo.

Wa mjini achukue teksi au gari la jirani. Bodaboda na daladala iliyojaa si vya mwenye nyuzi za tumboni.

Wa Pemba asipande boti siku aliyoruhusiwa kutoka wodini. Kwenye msimu wa kusi mkondo una mawimbi, na kutapika kwa saa kadhaa huku tumbo limeshonwa ni mateso na kunaweza kukipa kidonda shida. Kaa kwa jamaa mjini siku kadhaa, mwulize daktari siku na dawa ya kichefuchefu, chagua siku bahari imetulia, kaa katikati ya boti chini, na mizigo abebe mwengine. Kwa ndege pia uliza: baada ya upasuaji wa kifua, baadhi ya upasuaji wa macho au wa matundu, kuna muda wa kungoja.

Nyumbani

Bandeji iachwe kavu kwa saa 48 isipokuwa umeambiwa vingine. Baadaye maji safi yanayopita juu na sabuni hayana ubaya, kausha kwa kupapasa. Usitie asali, manjano, majivu wala mafuta ya nazi. Usiingie baharini: wanawake wa mwani wa Paje na Jambiani wangoje kidonda kifunge kabisa, na wajue roba la mwani mbichi lina uzito kuliko linavyoonekana. Nyuzi za tumboni hutolewa kwa kawaida baada ya siku 7 hadi 10, za miguu na mikono hadi 14.

Aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumbo kwa maji ya moto wala kufungwa mkaja wa kubana juu ya kidonda. Mkandaji ni mtu wa heshima na atakasirika. Mgongo na miguu akande, tumbo aliache.

Baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo, wiki sita hivi usinyanyue kitu kizito. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kupanda mkarafuu, kuvuta ngalawa na kupalilia kunangoja, hata msimu ukiwa umekolea. Funga ya Ramadhani nayo inangoja ruhusa, na hulipwa baadaye. Choo kikiwa kigumu kunywa maji, kula papai, usijikaze.

Rudi hospitali, usingoje asubuhi

Damu inayolowesha bandeji, usaha, harufu, au ngozi ya pembeni iliyo moto na inayong'aa (kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, tumia mkono), homa ya 38 na zaidi, tumbo linalovimba na kutapika kusikokoma, kutopata mkojo, mguu mmoja uliovimba na kuuma nyama ya nyuma. Kifua kinachobana au pumzi fupi ghafla ni cha kukimbiza hapo hapo. Anayekaa mbali apange mapema gari la nani litamchukua usiku.

Karatasi

Usitoke wodini bila maandishi: nini kimefanywa, dawa gani, lini nyuzi, lini kliniki, na namba ya simu ya wodi. Kama kinyama kimepelekwa kupimwa, uliza majibu yatatoka lini na kwa nani, kisha uyafuate mwenyewe. Na muulize daktari wa usingizi kama kulikuwa na tatizo lolote: mzio, mpira uliokataa kupita, kuchelewa kuzinduka. Kama lilikuwepo, aandike jina la dawa na kilichotokea. Piga picha karatasi hiyo, mtumie mwanao au ndugu yako, na ya asili iweke pamoja na kitambulisho chako.